Barua ya malalamiko: Ziara ya Alexandria mliyotuuzia, na msikiti ambao hatukufika

Tanga

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOTEKELEZWA KWA RATIBA YA ZIARA YA SIKU MOJA, ALEXANDRIA, MISRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyesafiri na mama yangu mzazi kwenda Misri kwa kifurushi mlichotuuzia, tukiwa pamoja na kundi la Watanzania wenzetu. Juu ya tiketi za ndege na hoteli ya Cairo sina lawama; huko mlitutendea vizuri na nawashukuru. Ninacholalamikia ni siku ile moja ya Alexandria, na siku hiyo ndiyo iliyotufanya tuchague kampuni yenu tukaziacha nyingine.

Ratiba mliyonitumia kwa WhatsApp kabla sijalipa, ambayo nakala yake nimeiambatisha, inasema baada ya ngome ya Qaitbay tutasimama saa nzima kwenye Msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi na Msikiti wa Imam al-Busiri. Kampuni nyingine nilizoziuliza ziliishia kwenye ngome na maktaba. Ninyi mlimtaja Busiri kwa jina lake, na kwa mtu wa mwambao hilo ni jambo kubwa. Imam Sharafuddin al-Busiri ndiye aliyetunga kasida ya Burda, tuiitayo Burdai, katika karne ya 13, baada ya kupooza upande mmoja wa mwili na kumwota Mtume (S.A.W.) akimfunika joho lake, akaamka mzima. Huku kwetu Tanga, na Pangani, na Unguja, hadi Lamu, Burdai inasomwa mgonjwa akizidiwa, inasomwa kwenye maulidi, na mtaa ukipatwa na balaa watu huzunguka nayo. Mama yangu ameihifadhi kwa ghibu tangu alipokuwa msichana wa chuo cha Kurani. Nilipomsomea ratiba aliniuliza mara mbili kama ni kweli atafika kwa Busiri mwenyewe. Nikampigia ofisa mauzo wenu ili niwe na hakika. Alinijibu, "Mama atafika, na kuzuru atazuru." Nikalipa siku hiyo hiyo.

Hatukufika. Naomba usome jinsi siku ile ilivyopotea, kwa sababu jibu fupi nililopewa na dawati lenu, kwamba "ratiba inaweza kubadilika kulingana na hali", halielezi chochote. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Barabara haikufungwa. Hakuna aliyeugua.

Kutoka Cairo hadi Alexandria ni kama kilomita 220 kwa barabara ya jangwani, mwendo wa karibu saa tatu. Ndiyo maana ratiba ilitutaka tuwe garini saa moja asubuhi, na sisi wazee kwa vijana tulikuwa mapokezi kabla ya muda huo. Gari lilikuja karibu saa mbili na nusu, likiwa tayari na wageni wa kampuni nyingine, likazunguka tena mjini kuokota wengine. Hata hayo ningeyavumilia. Lakini badala ya kushika njia tulipelekwa kwenye duka la manukato maeneo ya Giza. Tulikalishwa kwenye makochi, tukaletewa chai ya rosela, mlango ukafungwa, kisha muuzaji akaanza kupita na chupa zake akimpaka kila mtu mkononi, chupa baada ya chupa, mpaka mama yangu akashikwa na chafya asizoweza kuzizuia. Aliyesema hataki kununua aliulizwa kwa nini, tena mbele ya wenzake. Tulipotoka hapo tukaingizwa kwenye duka la karatasi za mafunjo. Maduka hayo mawili hayamo kwenye ratiba yenu hata kwa neno moja, na ndiyo yaliyokula asubuhi yetu. Kiongozi alibaki ndani na wenye duka kila mara baada ya sisi kutoka. Sikusikia walichozungumza, ila nawaomba ninyi mumuulize.

Nije kwa kiongozi huyo. Mliahidi kwa maandishi "kiongozi mzoefu anayezungumza Kiswahili". Aliyekuja hakujua Kiswahili zaidi ya "jambo" na "hakuna matata". Alizungumza Kiingereza cha haraka, akiwa ameshika simu mkono mmoja. Nusu ya kundi letu ni watu wazima ambao Kiingereza hakiwafai kitu, basi kazi ya kuwatafsiria ikawa yangu, na ziara niliyoilipia nikaikosa. Sidhani kwamba mliahidi jambo lisilowezekana. Vijana wetu wanasoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar, hapo Cairo, miaka nenda miaka rudi. Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1954. Cairo si mji wa kukosa mtu wa kutusemesha. Ni kwamba hakuna aliyetafutwa.

Nilimwomba anionyeshe kitambulisho chake, kwa kuwa sheria ya Misri inamtaka kiongozi wa watalii awe na leseni ya Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale. Alisema amekisahau nyumbani. Kwa nilivyomsikia tulipofika kwenye ile nguzo kubwa iitwayo Nguzo ya Pompey, sishangai. Aliwaambia watu kwamba Pompey, jemadari wa Roma, amezikwa chini yake. Nguzo ile, jiwe jekundu la Aswan lenye urefu wa mita 27 hivi ukijumlisha na kitako chake, ilisimamishwa kwa heshima ya mfalme Diocletian wa Roma, mwaka 300 baada ya Kristo au karibu yake. Pompey alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia tatu kabla, na jina lake lilibandikwa hapo kwa makosa ya wageni wa zama za kati. Nimeyajua haya kwa kusoma kabla ya safari. Wenzangu ambao hawakusoma wamerudi nyumbani na uongo, na wameulipia.

Jambo linalonikera kuliko yote, ukiacha lile la msikiti, ni la makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa. Ni mahali pa ajabu kweli, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Watu waliyagundua mwaka 1900 kwa punda aliyetumbukia shimoni. Ndani, kwenye mlango wa kaburi kuu, kuna Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha, amechongwa akiwa amevaa mavazi ya askari wa Kirumi; Misri na Roma ukutani mwa kaburi moja. Kiongozi wetu aliipita sanamu hiyo bila kufungua mdomo. Maelezo niliyapata kwa kusogea karibu na kundi la wageni wengine na kumsikiliza kiongozi wao. Lakini kushuka huko ni ngazi 99 za mzunguko, na hakuna njia nyingine. Katika fomu yenu ya kujiandikisha niliandika kwamba mama ana umri wa miaka 71 na magoti yake yana matatizo. Fomu iliuliza, nami nikajibu. Hakuna aliyetuambia habari ya ngazi mpaka tulipokuwa tumesimama juu ya shimo.

Kiongozi alimwambia mama asubiri hapo nje, akashuka na kundi. Jua lilikuwa la mchana na hapakuwa na kivuli karibu. Nilipokataa kumwacha, alinihimiza nishuke nisiwacheleweshe wengine. Aliyetustiri ni mlinzi wa getini, mzee wa Kimisri ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja naye ila salamu. Aliondoka kwenye kiti chake cha plastiki, akakisogeza hadi kwenye ukuta wenye kivuli, akakifuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwani, kisha akamletea mama maji kwenye bilauri. Yeye ndiye aliyenipungia mkono niende, kwamba atamwangalia. Kazi hiyo ilikuwa ya kampuni yenu. Mngetueleza mapema, ningepanga mama aende moja kwa moja misikitini kwa teksi akatungojee huko, na haja yake ingetimia.

Ngome ya Qaitbay tuliifikia alasiri imeshaingia. Ratiba ilisema viingilio vyote vimejumuishwa. Tukiwa getini tukaambiwa tulipe wenyewe, "mtarudishiwa ofisini". Ofisini hakuna anayejua habari hiyo, na risiti nimeziambatisha. Ngome ile ilijengwa na Sultani Qaitbay kuanzia mwaka 1477, mahali palepale uliposimama mnara wa taa wa Pharos, mmoja wa maajabu saba ya dunia ya kale, baada ya matetemeko ya karne ya 14 kuuangusha. Mawe ya mnara yalitumika kujengea. Mahali kama hapo mtu anahitaji muda wa kusimama ukutani, bahari ya Mediteranea ikipiga mawe chini yake, na mtu wa kumweleza. Sisi tulipewa muda wa kupiga picha. Chakula cha mchana tulikipata baada ya hapo. Samaki alikuwa mzuri, sina la kusema.

Sasa msikiti. Msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi uko Anfushi, kwenye njia inayokwenda ngomeni, na wa Busiri uko hapo hapo jirani yake. Busiri alikuwa mwanafunzi wa al-Mursi, na al-Mursi mwanafunzi wa Sheikh Abul Hassan al-Shadhili, ambaye tarika yake ilifika mwambao wetu kupitia Ngazija. Tuliupita uwanja ule wakati wa kwenda na tukaupita tena wakati wa kurudi. Mara ya kwanza kiongozi alisema tutasimama tukirudi. Mara ya pili nilisimama ndani ya gari nikamwambia dereva asimamishe. Kiongozi akasema hakuna maegesho, na kwamba wageni wa kampuni ile nyingine wana ndege ya kuwahi usiku. Niliomba dakika kumi, mama atie mguu tu, asalimu, arudi. Akakataa. Mama alinishika mkono akaniambia niache, tusigombane ugenini. Akageukia dirishani, akaanza kusoma kiitikio cha Burdai kwa sauti ya chini, na wanawake wawili wa kundi letu wakampokea, gari likienda.

Maktaba ya Alexandria, ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2002 na ambayo mliandika kwamba tutaingia hadi ukumbi wa kusomea, tuliiona kwa nje. Tulifika wageni wameshafungiwa mlango. Ukuta wake wa mawe ya Aswan uliochongwa herufi za maandishi ya dunia nzima tuliupiga picha kupitia kioo cha gari.

Baada ya maelezo hayo naomba yafuatayo. Kwanza, mnirudishie fedha yote ya siku ya Alexandria kwa watu wawili, pamoja na viingilio tulivyolipa mara ya pili. Sitapokea vocha ya punguzo kwa safari nyingine niliyoahidiwa kwa simu, kwa sababu sijaomba safari nyingine. Pili, mumwandikie mama barua ya kumwomba radhi, kwa Kiswahili, yenye jina na saini ya mtu, muitaje ziyara ya Busiri kwamba mliiahidi na hamkuitimiza. Hili la pili kwangu ni zito kuliko fedha. Tatu, mrekebishe ratiba yenu kabla ya kundi lijalo: muandike ngazi za Kom el Shoqafa wazi, muandike maduka kama mnayapitia, na kama hamna kiongozi wa Kiswahili basi mlifute neno hilo. Najua mna kundi linalokwenda baada ya mfungo, na nawajua watu wa Tanga watakaokuwemo. Wengi wao wanakwenda kwa ajili ya msikiti ule ule.

Nitasubiri majibu kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipokuja nitaipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa, na ratiba yenu ninayo mkononi.

Kama mtapenda kuzungumza na mama mwenyewe, pigeni baada ya alasiri kwa nambari iliyo kwenye fomu ya kujiandikisha. Yuko tayari kuongea, na amesema hatawapandishia sauti.

Wenu,
Mteja, kundi la Misri

Viambatisho: ratiba ya safari, nakala ya fomu ya kujiandikisha, risiti za viingilio, mazungumzo ya WhatsApp na ofisa mauzo.