Wagonjwa wa mapafu waulizwe zaidi ya "umeacha dawa?"

Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai inapotanda hapa Nairobi, wagonjwa wengi wenye maradhi sugu ya mapafu hurudi hospitalini wakiwa wamebanwa na kifua, na swali la kwanza wanaloulizwa ni kama wameacha dawa. Ni swali la haki, lakini likiulizwa peke yake humtia mgonjwa aibu kwa jambo ambalo huenda halikutokana na uzembe wake.

Utafiti wa kimataifa uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 kwa miaka 3, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wapo ambao hawakuzidiwa hata mara moja katika muda huo wote, ilhali wengine, wakiwemo baadhi ya wale ambao mapafu yao hayajaharibika sana, walizidiwa mara mbili au zaidi kwa mwaka. Kilichoashiria zaidi nani angezidiwa ni historia yake: aliyezidiwa mwaka uliotangulia ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Kiungulia nacho kilihusishwa na kuzidiwa mara kwa mara, na sidhani wengi wetu tumewahi kukitaja mbele ya daktari wa kifua.

Yapo, bila shaka, yaliyo mikononi mwetu. Virusi vya mafua ya kawaida ni miongoni mwa vichochezi vikubwa, kwa hiyo mjukuu mwenye kamasi asilazwe kitanda kimoja na babu anayekohoa. Anayepika kwa jiko la makaa katika chumba kimoja kisicho na dirisha hawezi kulinganishwa na aliyeacha sigara na anayepikia gesi. Inhela nayo ina ufundi wake: nimemwona mzee akiibonyeza kwanza, kisha ndipo avute pumzi, na dawa yote ikamtoka mdomoni kama ukungu. Alikuwa akiitumia kila siku, tena kwa uaminifu.

Naomba kliniki zetu ziandike kwenye kadi ya mgonjwa ni mara ngapi alizidiwa katika miezi 12 iliyopita, zimtake aonyeshe jinsi anavyotumia inhela kila anapofika, na zizungumze naye kuhusu chanjo ya homa ya mafua (influenza) kabla ya Juni, si baada ya kulazwa.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi