Mama yangu anazo alama za vidole: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utambuzi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: WAOMBAJI WANAORUDISHWA KWA SABABU VIDOLE VYAO HAVISOMEKI

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia nikiwa mtoto wa mwanamke aliyefika mara tatu kwenye kituo kilicho chini ya idara yako ili achukuliwe alama za vidole, na mara zote tatu akarudi nyumbani mikono mitupu. Mara ya kwanza aliambiwa mashine imegoma. Mara ya pili aliambiwa vidole vyake vinakataa. Mara ya tatu, foleni nzima ikisikia, kijana aliyeketi kwenye kompyuta alimwambia, "Mama, wewe huna alama."

Anazo. Jioni ile ile mimi na ndugu zangu tulimkalisha karibu na taa, tukapokezana kioo cha kukuzia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kina kitanzi. Dole gumba lina mzunguko kama maji yanayozama kwenye tundu. Mistari hiyo iliumbika kabla hajazaliwa, na hakuna mwingine mwenye kama hiyo, kwa maana hata mapacha wa kufanana hawachangii alama za vidole. Kilichopungua ni kimo cha mistari hiyo tu. Mama amefanya usafi kwenye majengo ya watu kwa miaka 27, akisugua sakafu na vyoo kwa dawa kali, na dawa hizo zimeilaza mistari mpaka inakaribia kuwa sawa na ngozi iliyoizunguka. Sasa amepata kazi nyepesi zaidi, ya kuangalia watoto wadogo, na mwajiri anadai cheti cha tabia njema. Kazi ngumu ndiyo iliyomfuta vidole, na vidole vilivyofutika ndivyo vinavyomzuia kuiacha kazi ngumu.

Naomba nieleweke mapema kwamba sipingi zoezi lenyewe. Mtu atakayeachiwa watoto wa wenzake lazima kumbukumbu zake zikaguliwe, na mama mwenyewe anasema hivyo. Tena kukagua kwa vidole ni haki zaidi kuliko kukagua kwa jina. Jina la mama ni la kawaida mno, na mtu yeyote mwenye jina kama hilo akipatikana na kosa, doa linaweza kumrukia mama asiyehusika. Kidole humtenga mtu na majina yanayofanana na lake. Kwa hiyo tunakitaka kidole. Tunachoomba ni kichukuliwe na mtu anayejua kukichukua.

Mara ya tatu nilimsindikiza, nikasimama nyuma yake, nikaona kila kitu. Mheshimiwa, wewe unaijua mashine kuliko mimi, lakini niruhusu nieleze kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Mwanga hupigwa kwenye kioo kutoka chini. Pale mstari wa ngozi unapogusa kioo, mwanga haurudi, na kwenye picha panakuwa peusi. Bonde lililo kati ya mstari na mstari haligusi kioo, kwa hiyo mwanga unarudi na panakuwa peupe. Maana yake ni kwamba kila kitu kinategemea mguso. Kidole kikavu kinagusa kwa madoadoa, mistari inatoka imekatikakatika. Kidole chenye jasho jingi kinajaza mabonde, mistari inashikana. Kidole kikikandamizwa kwa nguvu, mistari inabanwa na kupanuka mpaka inaungana. Kwa ngozi kama ya mama, nafasi kati ya kidogo mno na kupita kiasi ni nyembamba sana.

Sasa haya ndiyo niliyoyaona. Kioo kilikuwa na ukungu wa vidole vya watu waliotangulia, na hakikupanguswa. Mama alipewa kitakasa mikono chenye spiriti ajipake kabla ya kuanza, na spiriti ndiyo inayokausha ngozi kuliko kitu kingine chochote pale mezani. Kisha kijana akashika kidole akakandamiza. Skrini ikawa nyekundu. Akakandamiza zaidi. Ikawa nyekundu tena. Alipofika kwenye kuviringisha vidole kimoja kimoja, mama alikuwa amekaza mkono kwa woga, anajaribu kumsaidia, na kila aliposaidia kidole kiliteleza na picha ikatoka imekwaruzwa.

Fomu kamili ya alama ina nafasi 14. Kumi ni za vidole vinavyoviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Nyingine ni za vidole vinne vya kila mkono vikiwekwa kwa pamoja bila kuviringishwa, na za madole gumba mawili. Hizi za bapa ndizo zinazothibitisha kwamba vile kumi havikupishana nafasi. Kuviringisha ni ufundi wa mkono kabisa. Dole gumba huviringishwa kuelekea mwilini, vidole vingine kuelekea nje, kwa sababu hivyo ndivyo mkono unavyoanza ukiwa umejipinda na kumaliza ukiwa umelegea. Anayechukuliwa huambiwa alegeze mkono, atazame pembeni, asisaidie. Mama hakuambiwa lolote kati ya hayo. Aliambiwa "tulia", kwa sauti ya kumkemea mtoto.

Simlaumu sana yule kijana. Nyuma yake palikuwa na watu wasiopungua arobaini, na sidhani kama aliwahi kufundishwa zaidi ya kubonyeza vitufe. Kama angekuwa na kitambaa chenye maji, losheni kidogo, na dakika tano za ziada kwa kila mwenye ngozi ngumu, huenda tusingefika huku. Vitu hivyo havihitaji bajeti ya kupitishwa na bunge. Mashine zenyewe zimeshajua tatizo lipo. Tangu mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa programu inayopima ubora wa picha ya kidole kwa ngazi tano, ya 1 ikiwa bora na ya 5 ikiwa mbovu. Kipimo hicho kinaihukumu picha iliyopigwa. Hakimhukumu mtu. Skrini yako ilipokuwa nyekundu ilikuwa inamwambia mtumishi wako apige upya kwa njia nyingine, na yeye akaisoma kana kwamba inamshtaki mama.

Hapo ndipo neno "huna alama" linapouma. Foleni ya cheti cha tabia njema ni foleni ya watu wanaothibitisha kwamba hawana kosa, na kila mmoja pale anajua wapo waliowahi kujaribu kufuta vidole vyao makusudi. John Dillinger, jambazi wa mabenki wa Marekani, alivichoma vyake kwa asidi, na alipouawa Chicago mwaka 1934 bado alama zilizobaki zilitosha kumtambua. Basi mtu akiambiwa kwa sauti kubwa kwamba hana alama, wanaomsikia wanajiuliza alificha nini. Niliwaona wakimtazama. Mama alivuta mikono yake akaificha chini ya mtandio, na mpaka leo akiwa na wageni anaificha.

Wala si mama peke yake. Siku ile ile nilihesabu watatu waliorudishwa: fundi ujenzi ambaye saruji imemla vidole, bibi mmoja mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi, na kijana mwenye bandeji kwenye kidole cha pete. Kwa huyu wa bandeji, au kwa aliyekatika kidole kabisa, inatosha kuandika sababu kwenye nafasi husika na kuendelea na vilivyobaki. Yeye aliambiwa arudi akipona. Kuna pia ambao hawatapona kwa kungoja. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kuchubua viganja na nyayo hadi mistari ipotee. Mwaka 2009 daktari mmoja aliandika katika jarida la tiba habari ya mgonjwa wake wa miaka 62 kutoka Singapore, aliyezuiliwa saa nne nzima alipokuwa anaingia Marekani kwa sababu vidole vyake havikusomeka. Na wapo, ingawa ni wachache mno duniani, wanaozaliwa bila mistari kabisa. Mwaka 2011 watafiti waliichunguza familia ya Uswisi yenye hali hiyo wakaikuta hitilafu kwenye jeni iitwayo SMARCAD1. Watu hawa utawaambia warudi lini?

Hivyo ombi langu kubwa ni hili: wekeni kikomo cha kurudishwa, na baada ya kikomo hicho wekeni njia nyingine. Marekani, ambako shirika la upelelezi la FBI linapokea alama za vidole kwa wingi usiohesabika, mwombaji ambaye alama zake zimekataliwa mara mbili kwa sababu ya ubora anaweza kuombewa ukaguzi kwa jina. Nimeshasema ukaguzi kwa jina una kasoro zake, lakini kasoro hizo zinaweza kuzibwa kwa tarehe ya kuzaliwa, picha, vitambulisho na anwani alizowahi kuishi. Mara mbili inatosha. Mara ya tatu mtu asipewe tena tarehe ya kurudi. Apewe barua yenye muhuri inayosema ubora wa picha haukutosha, kumbukumbu zake zinakaguliwa kwa njia nyingine, na jibu litatoka siku fulani. Mama angekuwa na karatasi ya namna hiyo angemwonyesha mwajiri. Sasa hivi ana maneno ya mdomo tu, na mwajiri ameanza kuuliza maswali ambayo hakuyauliza mwanzoni.

Nilipokuwa nasoma habari za jambo hili nilikutana na kisa ambacho nimekirudia mara nyingi. Mwaka 1858, huko Jungipoor, Bengal, nchini India, ofisa wa Kiingereza William Herschel alifunga mkataba wa vifaa vya kutengenezea barabara na mtu aitwaye Rajyadhar Konai, akamwomba apige chapa ya kiganja chake chote nyuma ya karatasi. Hapakuwa na mhalifu pale. Alikuwa mtu wa kazi aliyeweka mkono kama ahadi kwamba atatimiza neno lake. Mambo ya polisi yalifuata baadaye. Mwaka 1892 Juan Vucetich wa Argentina aliwezesha kesi ya mauaji kutatuliwa kwa alama ya damu mlangoni, kisha mwaka 1901 polisi wa London, Scotland Yard, wakaanza kutumia mpangilio wa kuainisha alama uliopewa jina la ofisa wa Kiingereza Edward Henry, ingawa waliousumbukia kwa kiasi kikubwa ni wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ninalikumbuka hili kila nikimfikiria mama akiwa mbele ya kile kioo. Yeye naye alikuwa anatoa ahadi.

Nina mawili mengine, nitayapitia upesi. La kwanza ni kuhusu wale ambao vidole vyao vinasomeka na kompyuta ikasema vinafanana na vya mtu mwingine. Kompyuta hutoa majina ya kukaguliwa, na jicho la binadamu ndilo linaloamua, nalo linakosea. Mwaka 2004 wakili wa Oregon, Brandon Mayfield, alikaa kizuizini wiki mbili baada ya wataalamu wa FBI kusema alama iliyopatikana Madrid baada ya milipuko ya treni ni yake. Haikuwa yake, na FBI ikamwomba radhi. Nataka kujua mwombaji kwenu anapewa nafasi gani ya kupinga majibu kabla hayajamfikia mwajiri. La pili: zikishakaguliwa, alama zinakwenda wapi? Mwaka 2015 ilibainika kwamba alama za vidole vya watu milioni 5.6 ziliibwa kutoka ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani. Neno la siri likiibwa mtu anaweka jipya. Mama hana vidole vingine. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2008, katika kesi ya S. na Marper dhidi ya Uingereza, kwamba kuendelea kushikilia alama za watu wasiotiwa hatiani, bila kikomo, kunaingilia maisha yao binafsi kinyume cha haki. Mwombaji wa cheti hata mtuhumiwa si. Andikeni kwenye fomu muda wa kuzihifadhi, ili anayeweka kidole ajue.

Mama amepangiwa kurudi Jumatatu, saa mbili asubuhi. Hii itakuwa mara ya nne. Tangu wiki iliyopita ameacha kugusa dawa za sakafu. Mimi na dada yangu tunamshikia zamu baada ya kazi zetu, na kila usiku anapaka mikono mafuta na kulala amevaa soksi viganjani. Asubuhi ya Jumatatu ataifuta vizuri isiteleze. Sisi kwa upande wetu tumefanya tunaloliweza. Naomba kioo kipanguswe, kitakasa mikono kiwekwe kando, na awepo mtu mmoja mwenye subira wa kuushika mkono wake taratibu. Na picha zikikataa tena, naomba tuondoke na ile barua.

Wako katika kuomba haki,
binti yake