Kwa wahudumu wa ambulensi Nairobi: sindano ikishatoka mshipani

Wanangu,

Mkitafuta mshipa, macho yenu yote huwa kwenye ncha. Hatari huja ikishatoka. Dereva akikanyaga breki Jogoo Road kumkwepa bodaboda, sindano ya kanula, ile mirija myembamba ya mshipani, iliyochomekwa kwenye godoro la machela inamngoja atakayemwinua mgonjwa.

Kwa hiyo sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, lifungwe imara mahali unapolifikia ukiwa umeketi, kabla hujafungua kanula. Likifika robo tatu, funga, leta jingine. Wanaodungwa wakishindilia boksi lililojaa wanajitakia. Kifuniko cha sindano usikirudishe. Mgonjwa akirusharusha mikono, dereva aegeshe kando, mwenzako aushike mkono ule. Hata kanula yenye kinga itazame: kama ncha haijafunikwa, hiyo bado ni sindano wazi.

Ukidungwa, mwachie mwenzako mgonjwa, vua glavu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, na jiki iache ioshe sakafu. Kwenye kidonda inaunguza tu. Damu ikiruka jichoni, suuza kwa maji safi au dripu ya chumvi.

Kisha msione haya. Hospitali mnaielekea tayari, basi mkimkabidhi mgonjwa semeni pale pale kwamba kuna aliyedungwa. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya kudungwa, zafaa zianze ndani ya saa 2 ikiwezekana, wala zisipite saa 72. Humezwa siku 28. Mgonjwa aombwe ridhaa apimwe, lakini dozi ya kwanza isingoje majibu yake.

Mnaogopa VVU, ambavyo kwa kudungwa huambukiza watu kama 3 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, yaweza kufika 30 kati ya 100 iwapo damu ya mgonjwa imejaa virusi. Chanjo ni tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Ile ya tatu ndiyo mnayoisahau, na inaniudhi. Mwezi mmoja au miwili baadaye pimeni kinga. Ikiwa chini ya 10 (mIU/mL), mwambieni daktari.

Mwisho, andikeni siku hiyohiyo: saa, namba ya gari, aina ya sindano, mlichokuwa mkifanya. WIBA, sheria ya fidia ya mwaka 2007, inafidia majeraha ya kazini, ila mwajiri ataulizwa karatasi, na nakala moja ibaki kwako.