Kichwa kinachorudi rudi sio kila mara malaria

Mhariri, naomba nafasi niongelee hiki kipandauso, yaani kichwa kikali kinachorudi rudi (migraine), maana hapa Moshi watu wanateseka nacho na wanatibiwa vitu vingine kabisa.

Mke wangu anauza vitenge Mbuyuni. Kichwa kikimshika ni upande mmoja, kinadunda, anatapika, mwanga hautaki, hata mlio wa bodaboda unamuumiza, basi anajifunika khanga usoni analala nyuma ya meza wateja wanampita tu. Zahanati tuliyokuwa tunaenda wakampima malaria, kipimo kikasoma hasi na dawa ya mseto wakampa hivyo hivyo, safari nyingine wakasema taifodi, nyingine presha, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hicho kichwa kinaanzaje! Jamani kipandauso hakionekani kwenye damu, kinajulikana kwa kuulizwa: ni upande mmoja? kinadunda? ukitembea kinazidi? kichefuchefu je? kimeshakurudia mara 5 au zaidi, na usipokitibu kinakaa saa 4 mpaka 72?

Daktari aliyekuja kumuuliza hayo alimwambia dawa inamezwa mapema kichwa kikianza tu na dozi iwe kamili, mfano ibuprofeni miligramu 400 kama huna vidonda vya tumbo wala mimba, pamoja na ya kuzuia kutapika, maana kikishapamba moto tumbo linagoma na kidonge hakifanyi kazi vizuri. Ikishindikana kuna sumatriptani, dawa maalumu ya kipandauso, Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021 (mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi haimfai), ila iulizie maduka ya dawa ya mtaani kwetu uone wanavyokushangaa.

Na wale wa kumeza vidonge vya maumivu karibu kila siku, mkifika siku 15 kwa mwezi kwa miezi kadhaa dawa yenyewe ndo inaanza kuleta kichwa. Ila kichwa cha ghafla kinacholipuka ndani ya dakika moja, au chenye homa na shingo kukakamaa, au mkono umelegea mdomo umeenda upande, hicho usikae nacho nyumbani, kimbia hospitali.

Wakubwa wa afya mkoa wetu naomba mawili tu, wahudumu wa zahanati wafundishwe kuuliza hayo maswali kabla hawajaandika dawa, na hiyo sumatriptani ipatikane kwa bei ambayo muuza vitenge anaiweza.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi