Kuskani si kuhifadhi

Mhariri,

Nakuomba nafasi nijibu hoja inayorudiwa mno siku hizi: kwamba ofisi za serikali zinunue mashine za kuskani, ziingize majalada yote kwenye kompyuta, kisha karatasi zichomwe. Wenye hoja hiyo wana nia njema, ila wameanzia mwisho wa kazi.

Kazi huanzia masijala. Kila aina ya jalada hupangiwa muda wake katika mwongozo wa kutunza na kuteketeza. Stakabadhi za malipo ya kawaida huweza kuteketezwa miaka kadhaa baada ya ukaguzi wa hesabu. Mihtasari ya vikao vya baraza, sheria ndogo, ramani za viwanja na rejesta za vizazi na vifo hazina tarehe ya kuteketezwa. Idara ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani hubakiza daima asilimia 1 hadi 3 tu ya nyaraka za serikali kuu. Ofisi isiyochambua kwanza hulipia kuskani takataka. Na picha isiyo na namba ya jalada, tarehe wala jina la ofisi ilikotoka haitafutiki, hata ikiwa safi kiasi gani.

Majalada ya idara moja yakae pamoja, kwa mpangilio uleule uliotumiwa na idara yenyewe. Anayeyapanga upya kwa mada huvunja mfululizo unaoonyesha uamuzi upi ulifuata barua ipi.

Karatasi nayo si dhaifu kama inavyodhaniwa. Huuawa na asidi, unyevu na chuma. Pini na stepla hushika kutu, mipira ya kufungia huyeyuka na kuganda, selotepu huacha doa lisilotoka. Vyote viondolewe taratibu, kisha jalada liingie kwenye boksi lisilo na asidi. Boksi lililoshindiliwa huchana karatasi linapofunguliwa, na lililojaa nusu huziacha zipinde. Rafu ya chini iinuliwe walau sentimita 15 kutoka sakafuni.

Ghala linafaa liwe na unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50. Ukipita 65 ukungu huota. Hapa ndipo wengi hukosea. Kiyoyozi huzimwa jioni ili kubana matumizi ya umeme, hewa yenye unyevu huingia ikakutana na maboksi yaliyopoa, na kila usiku karatasi hulowa kidogo. Afadhali chumba chenye joto la wastani lisilobadilika kuliko kinachopozwa mchana na kuachwa usiku.

Maji yakiingia, kuna kama saa 48 kabla ya ukungu. Karatasi zisianikwe juani wala zisipigwe pasi. Zikiwa nyingi zigandishwe kwenye friza, zikaushwe baadaye kidogo kidogo.

Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi wa zamani mjini St. Louis, Marekani. Hayakuwa na nakala wala filamu ndogo (ukanda wa filamu wenye picha za nyaraka zilizopunguzwa sana), na hakukuwa na orodha ya kuonyesha nini kimeungua. Kukosekana kwa orodha ndiko kulikozidisha hasara, na mashine ya kuskani haiandiki orodha.

Kuskani kuna nafasi yake, mradi kufanywe kwa masharti: nukta 300 kwa inchi au zaidi, faili za TIFF au PDF/A (aina za faili zinazofaa kutunzwa muda mrefu), nakala tatu, moja ikikaa mji mwingine. Kila faili ipewe namba ya uthibitisho inayokokotolewa na kompyuta kutokana na yaliyomo, ikokotolewe na kulinganishwa tena mara kwa mara, kwa kuwa diski huharibika bila kelele. Filamu ndogo ya poliesta ikitunzwa vyema hukadiriwa kudumu miaka 500, na kuisoma kunahitaji lenzi na mwanga tu.

Basi zabuni ya kuskani isiyo na fungu la uchambuzi, la kuandika orodha na la kukagua nakala kila mwaka irudishwe kabla haijasainiwa.

Mtunza nyaraka