Simu ya mezani yenye laini si simu ya mezani

Mzigo wenyewe ulikuwa mdogo, katoni sita tu za simu za ofisi kutoka China, na mteja alikuwa na haraka. Kwenye invoisi msambazaji aliandika "simu za ofisi" mstari mmoja kwa zote, nasi mawakala wa forodha tukaandaa tamko kwa namba moja ya HS, ile inayopanga bidhaa kiforodha, kwa zote. Siku ya ukaguzi ofisa akachukua simu moja, akaigeuza, akafungua kifuniko cha betri nyuma. Ndani kuna nafasi ya laini (SIM).

"Na hii nayo ni ya waya?"

Hatukuwa na jibu. Nusu ya katoni zilikuwa simu za waya za kawaida, nusu zilikuwa zile za mezani zinazotumia laini ya simu ya mkononi. Ukiziweka juu ya meza huwezi kuzitofautisha: mkono uleule wa kuongelea, vitufe vilevile, rangi ileile nyeusi. Tamko likarudi kurekebishwa, siku zikapita, gharama za storeji zikaanza kuhesabu. Kosa lilikuwa letu. Tulipaswa kuuliza kabla. Tangu hapo kila mteja wa vifaa vya ofisi tunamsumbua kwa maswali, na makala hii ni ya kueleza kwa nini.

Forodha hawapangi bidhaa kwa jina unaloiita dukani. Wanaangalia kifaa ni nini na kinafanya kazi vipi. Tarakimu sita za mwanzo za namba ya HS zinatumika duniani kote chini ya Shirika la Forodha Duniani; Afrika Mashariki tunaongeza mbili, zinakuwa nane. Simu zote zinaanzia kifungu cha 85.17, na hapo ndipo watu wengi wanaposimama, wakidhani kazi imekwisha. Bado. Simu ya waya ya mezani iko 8517.18. Ile ya waya ambayo mkono wake hauna waya, unaweza kutembea nao hadi jikoni, iko 8517.11. Ile yenye laini inatumia mtandao wa simu za mkononi, kwa hiyo inakwenda 8517.14, jirani na kitochi chako, hata kama ina uzito wa kilo moja na haiwezi kuingia mfukoni. Swichibodi yenyewe, kile kisanduku kinachogawa simu kwenda vyumba mbalimbali, iko 8517.62 pamoja na ruta.

Simu za IP, zinazochomekwa kwenye waya wa intaneti, ndizo zinazoleta ubishi. Sisi tunaanzia 8517.18, kwa sababu mtu anainua mkono, anabonyeza namba, anaongea: hiyo ni simu. Lakini kifaa kikiwa na skrini na kamera, kazi yake kubwa ikawa mazungumzo ya video, hoja inabadilika. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, wameziandika simu za video waziwazi chini ya 8517.69, na hapohapo wakaweka zile simu za mlangoni za kumfungulia mgeni geti. Ukiagiza simu za ofisi pamoja na ya geti, usiziweke mstari mmoja.

Spea nazo zina vituko vyake. Mteja akiagiza mikono ya simu peke yake, akili inasema ni sehemu ya simu, tuiweke kwenye vipuri. Hapana. Mkono ni maiki na spika zilizounganishwa, na vitu hivyo vina kifungu chao, 8518.30, pamoja na hedifoni zenye maiki za waya. Adapta ya umeme ikija yenyewe ni 8504.40. Waya wenye plagi kwenye ncha ni 8544.42. Kanuni ni kwamba kipuri chenye kifungu chake katika sura ya 84 au 85 kinakwenda huko kwanza, ndipo kinachobaki kinaingia kwenye vipuri vya simu. Ila vyote hivyo vikiwa ndani ya boksi moja na simu yake, tayari kwa kuuzwa, vinafuata simu. Usije ukakata boksi moja kuwa mistari minne; tumeliona hilo pia.

Angalia na namba anazoandika msambazaji. Wengi bado wanaandika 8517.12 kwa simu za mkononi na 8517.70 kwa vipuri. Namba hizo zilikufa na toleo la 2022: ya kwanza iligawanywa kuwa 8517.13 kwa simu janja na 8517.14 kwa nyingine, ya pili ikawa 8517.71 kwa antena na 8517.79 kwa vipuri vingine.

Kuhusu fedha, hatuandiki hapa kila simu inatozwa asilimia ngapi, maana viwango vinaweza kuguswa kila Julai kupitia Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Madaraja makuu ni 0, 10, 25 na 35. Tofauti yake inauma kuliko inavyoonekana, kwa sababu VAT inakokotolewa juu ya thamani ukiwa umeshajumlisha ushuru. Chukua mzigo wa shilingi milioni 10, ukiwa na nauli na bima ndani yake. Ushuru ukiwa 0, VAT ya Tanzania ya asilimia 18 ni 1,800,000. Ukiwa 10, unalipa ushuru milioni 1 na VAT 1,980,000. Ukiwa 25, ushuru 2,500,000 na VAT 2,250,000, jumla 4,750,000, kabla ya tozo nyingine.

Kama kifaa chako kina utata, omba uamuzi wa awali kutoka forodha kabla hujaagiza, ukiambatanisha katalogi. Na kama umeshakadiriwa na hukubaliani, sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inakupa siku 30 kuomba Kamishna apitie upya. Siku hizo zinakimbia, usizimalizie kwenye kulalamika. Kifaa chochote cha mawasiliano pia kinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania; hilo ni suala tofauti na namba ya HS.

Kabla ya kulipa msambazaji, tutumie vitu vitatu kwa WhatsApp: invoisi ya awali, ukurasa wa katalogi wenye jina la modeli, na picha ya simu. Picha ya mgongo wake, kifuniko cha betri kikiwa wazi.