Barua kwa Binti Yangu Kabla Hajatia Saini Mkopo

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwamba Ijumaa utatia saini mkopo wa kununua fleti ya kupangisha huko Ruaka, ili PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara wako kila mwezi, ipungue, sijatulia. Sikulaumu kwa kutaka nyumba; habari za akiba yako nimewasimulia wazee wote hapa Voi, hata wasioniuliza. Ninachokikataa ni hiyo sababu.

Rafiki aliyekupa mbinu hii anaishi Marekani, ambako mwenye nyumba ya kupangisha huruhusiwa kuhesabu uchakavu wa jengo kama gharama kwa miaka 27 na nusu, hata mapato yake yakaonekana kuwa hasara kwenye karatasi, na baadhi yao hasara hiyo huwapunguzia hata ushuru wa mshahara. Hapa Kenya, hasara ya upangishaji huondolewa kwenye mapato ya upangishaji tu. Mshahara wako haiugusi.

Piga hesabu. Fleti ikiingiza shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa mwaka utakuwa umevuka 288,000, kiwango ambacho ukikivuka hutozwa ushuru wa upangishaji, nawe utatozwa ushuru wa kila mwezi wa asilimia 7.5. Hutozwa kwenye kodi yote ya nyumba uliyopokea, kabla ya kutoa gharama za riba, rangi wala mabomba. Kwa hiyo kila kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata utalipa 2,250, hata kama benki imeimeza kodi yote. Unaweza kumwandikia Kamishna wa ushuru ukachagua utaratibu wa mwaka, ambao huruhusu kukata riba, bima, ada za ardhi na matengenezo, na kwa mwenye deni kubwa huenda huo ukawa afadhali. Hata hivyo, faida ikipatikana itajumlishwa na mshahara wako, nawe umekwisha kufika kwenye asilimia 30. PAYE, narudia, haitapungua hata senti.

Inayopunguza PAYE ni nyumba unayoishi mwenyewe. Riba ya mkopo wake hutolewa kwenye mapato yanayotozwa ushuru, hadi 360,000 kwa mwaka. Kabla ya Desemba 2024 kikomo kilikuwa 300,000. Nawe unamlipa mtu kodi ya nyumba huko Kilimani kila mwezi! Nilikwambia haya mwaka jana, ukanijibu kwamba hayo ni mambo ya wastaafu.

Mamako bado anatia risiti za vyumba vyetu vya kupangisha katika kopo la biskuti. Juzi alinionyesha ya fundi wa tangi la maji, akauliza kwa nini haitupunguzii ushuru. Nilipomweleza kwamba sisi tuko kwenye ule wa kila mwezi, alinuna hadi chakula cha jioni. Wewe utanuna kwa miaka yote ya mkopo.

Nitumie barua ya benki kabla ya Ijumaa, pamoja na ule ukurasa wa riba, kisha uwaulize kama mkopo huo unaweza kuandikwa kuwa wa nyumba ya kuishi, ukahamia Ruaka wewe mwenyewe. Usitie saini kabla sijaisoma.

Ni mimi babako.